Haragwe Moja Kwenye Pindo la Ovaroli

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Mama husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Kwa hivyo siku yule mwalimu wa Bungoma aliponipa penseli za rangi badala ya bisibisi, nusura nimrushie.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, simu za mkono zimeanza kuonekana hata kwa mama mboga. Nilikuwa fundi wa stima mwenye cheti kipya, nimetumwa kutoka kwetu Kitale hadi Bungoma kujifunza kazi ya kinga. Watu wengi hawajui kuna kazi kama hiyo. Wanajua nguzo, waya, mita, na yule kijana wa kupanda ngazi. Kinga ni ule upande usioonekana: vyombo vinavyokaa ndani ya kituo vikiuchungulia umeme saa zote, na waya ukikatika au mti ukilalia laini, vinaamuru swichi kubwa ifunguke ili laini ife kabla haijaua mtu. Chombo kinachochungulia tunakiita rilei. Swichi kubwa tunaiita brika. Ukijua hayo mawili, inatosha.

Mwalimu wangu alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye kitambi cha heshima na kikombe cha chai kisichotoka mkononi. Alizaliwa Malakisi, kwao walilima tumbaku. Aliniita mukhana, ndiyo msichana kwa lugha yao. Mimi nilimwita mwalimu mbele yake, na mambo mengine nyuma yake.

Alinitandikia mezani mchoro mkubwa kama shuka. Akaniambia nifuate kila waya kwa penseli, kutoka kwenye laini hadi kwenye rilei, kutoka kwenye rilei hadi kwenye brika. Ile njia ya kufungulia brika niipake nyekundu.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka uiote."

"Ati nimesoma miaka mitatu nikuje kupaka rangi kama mtoto wa nasari?"

"Si umesoma? Basi paka vizuri."

Nilipaka mwezi mzima. Nilipaka nikinuna, nikipiga mdomo, nikihesabu siku. Halafu asubuhi moja nikaamka nikagundua nimeota ile njia nyekundu, kona zake zote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipomwambia hakucheka wala hakusifu. Alichukua ufunguo, akaniambia nimfuate.

Tulisimama mbele ya rilei ya zamani, ile yenye kioo mbele na kisahani cha aluminiamu ndani. Alikuwa ameiunganisha na sanduku letu la majaribio. "Angalia kisahani," akasema, kisha akapitisha mkondo wa umeme kidogo kidogo. Kisahani kilitulia tuli. Akaongeza. Kikatetemeka. Akaongeza tena, na kikaanza kuzunguka, polepole kwanza kama mtu anayefikiria, halafu haraka, hadi kikagusa kile kijipini na kijibendera chekundu kikaanguka. Chumba cha pili nikasikia brika ya majaribio ikifunguka, paa!

"Hiyo kitu haijaenda shule," mwalimu akasema. "Haina betri ya kufikiri, haina mshahara, hailali. Iliwekwa hapo kabla hujazaliwa. Inangojea siku moja tu."

Sina aibu kusema kwamba machozi yalinitoka. Nilikuwa nimeimba kanisani tangu utotoni kuhusu yule asiyelala wala kusinzia, nikiimba tu kwa mdomo. Pale, mbele ya kile kisahani, ndipo niliposhtuka na maana yake. Mwalimu alijifanya anatafuta kijiko cha sukari.

Kuanzia siku hiyo nikashika kazi kwa mikono miwili, na ndipo akanionyesha mkebe wake.

Ulikuwa mkebe wa majani chai wenye maharagwe ndani. Ukitaka kujaribu rilei, ni lazima kwanza uikate isiongee na brika, la sivyo kila jaribio litafungua brika. Unaikata kwa kufungua vipande vidogo vya chuma kwenye paneli, sisi tunaviita linki. Ukimaliza, unazifunga. Sheria ya mwalimu ilikuwa hivi: ukifungua linki moja, toa haragwe moja mkebeni utie mfukoni. Ukifunga linki, rudisha haragwe. Hutoki kituoni mpaka mfuko uwe mtupu.

Hilo alilitoa kwa mama yake. Huko Malakisi mama yake alianika majani ya tumbaku kwenye fito ndani ya banda la kukaushia. Hakujua kuandika. Kila ufito ukiingia bandani, haragwe liliingia kwenye kibuyu. Ukitoka, haragwe lilitoka. "Hajawahi kusahau ufito hata mmoja," mwalimu alisema. "Na hakuwa na cheti."

Nilitaka kujua mbona asihesabu tu mkebe mwisho wa kazi, ajue kama yako sawa. Alinikazia macho. "Nikihesabu mimi, utaniachia mimi kazi ya kukumbuka. Mfuko ni wako."

Linki moja ikisahaulika, ubaya wake ni kwamba hakuna kinachoonekana. Taa zinawaka, posho mill zinasaga, rilei inachungulia vilevile. Lakini siku waya ukianguka, kisahani kitazunguka, kijibendera kitaanguka, na brika haitasikia neno. Iko rilei nyingine nyuma yake, ya msaada, lakini hiyo imewekwa isubiri, na waya uliolala kwenye nyasi huenda isiuone kabisa. Kwa hivyo waya utabaki pale chini ukiwa hai, ukingoja mguu.

Mwaka wa pili ukaisha hivyo. Nikawa nimebakisha jambo moja: kufanya kazi yote peke yangu, mwalimu akiwa ndani ya kituo lakini amenipa mgongo. Nikifaulu, angetia sahihi kwenye barua ya kuniruhusu kufanya kazi bila msimamizi. Upande wetu hakuna msichana aliyekuwa ameipata. Baba alikuwa ameshawatangazia majirani baada ya ibada, kana kwamba tayari.

Kazi ilipangwa Kitale, laini ya kwenda Ndalu, kwa hivyo nililala kwetu. Asubuhi nilivaa ovaroli yangu. Mfuko wa kulia ulikuwa na tundu; bisibisi ilikuwa imeutoboa wiki mbili nyuma. Mama alikuwa ameniambia niushone. Nikamwambia kesho. Mwajua ile methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa naiandika vizuri sana shuleni.

Nilifanya kazi kwa maringo, acha niseme ukweli. Laini ilizimwa kwanza, nikafungua linki, nikatia maharagwe mfukoni, nikajaribu, nikaandika, nikaanza kufunga. Mwalimu alikaa dirishani amenigeuzia mgongo na chai yake. Nilikuwa nimefika karibu na mwisho wakati mwendeshaji wa kituo, bwana mmoja mwenye maneno mengi, alipopita na sufuria ya chai.

"Sasa madam, leo si utatuzima sisi wote? Mimi nimeambia mke wangu awashe jiko mapema."

Angekuwa mwingine angecheka. Mimi nilimgeukia, mkono mmoja kiunoni, nikampa vipande vyake. Nilimwuliza yeye amesoma nini, na mke wake alimpendea nini. Akacheka, akaenda zake. Nikarudi kwenye paneli moyo ukinidunda kwa hasira, nikaingiza mkono mfukoni, nikakuta hamna kitu. Nikafunga mlango wa paneli.

"Mfuko?" mwalimu akauliza bila kugeuka.

"Mtupu."

"Haya. Rudisha laini."

Ndalu wakapata stima. Mwalimu akasema atasubiri gari la kumrudisha Bungoma, na barua ataitia sahihi kabla hajaondoka. Mimi niende nyumbani nikale. Nilienda nikiimba.

Kwetu ni nje kidogo ya mji. Saa tisa hivi nilikuwa nimekaa uani na beseni, nafua. Niliizamisha ovaroli, nikaisugua, nikalikunjua lile pindo la ndani la mguu wa kulia, na kitu kikaanguka majini. Nikapapasa chini ya povu, nikakitoa.

Haragwe.

Nilikaa nikiliangalia kwenye kiganja, jekundu lenye madoa, aina ile ya nyayo, kama ya mkebe wa mwalimu. Lakini subiri. Jumamosi iliyopita tulikuwa tumepura maharagwe ya nyayo hapo hapo uani, magunia mawili, na mimi nilivaa ovaroli hiyo hiyo. Pia ingewezekana limetoka huko. Ya mwalimu yalikuwa makuukuu, yamefifia kwa kushikwashikwa miaka mingi. Yetu yalikuwa mapya, yanang'aa. Nikaligeuza kwenye jua nilitambue. Lilikuwa limelowa. Maharagwe yakilowa, yote hung'aa.

"Mama," nikaita, "hii haragwe ni yetu?"

Alitoka jikoni akipangusa mikono. "Ngai! Kwani imeandikwa jina? Nyumba mzima imejaa maharagwe, wewe unauliza moja."

Nilitaka sana liwe letu. Nililitaka kwa roho yangu yote. Nilijaribu kukumbuka linki ya mwisho, vidole vyangu vikikaza ile skrubu, na nilichokumbuka ni sufuria ya chai na matusi yangu mwenyewe. Nikipiga simu na haragwe likiwa letu, nitakuwa nimezima watu bure na kujianika kwamba sijui nilichofanya. Nikipiga na likiwa la mwalimu, kwisha, barua sina. Na nikinyamaza, kesho nina barua, na huenda hakuna kitakachotokea. Miezi inaweza kupita bila waya kuanguka.

Nikatazama upande wa Mlima Elgon. Kitale mvua haipigi hodi. Saa tisa alasiri wingu lilikuwa limesimama pale jeusi kama chungu. Na saa tisa ndiyo saa watoto wadogo wanapotoka shule kule Ndalu, wanapita kwenye nyasi, wengine miguu mitupu.

Nilipiga simu kituoni. Yule yule mwendeshaji ndiye aliyepokea. Nikamwambia ampe mwalimu. Nilipomwambia mwalimu nimepata haragwe kwenye pindo la ovaroli, na kwamba sijui ni la wapi, hakuniuliza swali hata moja. Nilisikia akisema pembeni, "Zima Ndalu. Sasa hivi." Halafu akaniambia, "Kuja."

Nilipanda boda boda ya baiskeli, maana ndizo zilizokuwepo, nikamharakisha yule dereva hadi akaniambia nishuke nisukume kama nina haraka kumshinda. Niliingia kituoni na mapovu ya sabuni kwenye viwiko. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya paneli, hajaigusa. Alikuwa ameniachia mlango.

Nikafungua. Ile njia nyekundu niliyoipaka mwezi mzima, nikaifuata kwa kidole, linki baada ya linki. Zote zimefungwa. Zote. Nikaanza kupumua. Nikafika kwenye ya mwisho, chini kabisa pembeni, na ilikuwa wazi. Pengo lake ni dogo, ungeweza kulijaza kwa ukucha.

Kwa zaidi ya saa tatu, Ndalu yote ilikuwa na waya juu ya vichwa na hakuna aliyekuwa macho. Mimi ndiye niliyemfumba macho mlinzi, nikaenda zangu nikiimba.

Niliifunga. Nikaikaza. Nikavuta kila moja kwa kidole kuhakikisha. Nilipogeuka, mwalimu alikuwa amenyoosha mkebe. Nikatia haragwe, likalia kidogo kule ndani. Laini ikarudishwa, na mvua ikaanza hapo hapo, ile ya mawe, juu ya bati huwezi kusikia mtu.

Sikuweza kuondoka mbele ya rilei, ya zamani kama ile ya Bungoma. Nilikuwa na aibu ya kumtazama mwalimu, basi nikatazama kisahani. Ndiyo sababu nilikiona. Kilitetemeka. Kikazunguka. Bendera ya chini ikaanguka, ile inayosema umeme unaingia ardhini, na nje uani brika ikapiga paa! hadi madirisha yakalia. Ndalu ikazima.

Nimeona watoto wakizaliwa, nimeona baba akikata roho. Sijui kama nimewahi kuona kitu kilichoninyamazisha kama kile. Kitu kilichosubiri tangu kabla sijazaliwa kiliitwa mara moja, kikaitika, na dakika kumi nyuma hakingeweza kusikika.

Mwendeshaji akanyoosha mkono kwenye swichi. Desturi yao ni kujaribu kurudisha mara moja, maana mara nyingi ni tawi tu limegusa likaanguka. Mwalimu alimshika kifundo.

"Leo hapana. Twende tuone kwanza."

Tulifuata laini kwa gari la kituo, mvua ikianza kupungua, njia yote matope. Mwalimu aliendesha. Tulipopita madukani pa kwanza alisema, "Sahihi yangu hautapata leo."

"Najua."

"Miezi sita. Utarudi kwa penseli."

"Sawa, mwalimu."

"Na ushone mfuko."

Nilikuwa sina hasira hata chembe, na hiyo ilinishangaza. Nilichoomba kimoyomoyo ni kwamba iwe tawi tu.

Haikuwa tawi. Karibu na Ndalu tulikuta nguzo mbili ambazo katikati yake waya mmoja haupo. Mkaratusi ulikuwa umeuangukia. Waya ulishuka kutoka kwenye nguzo, ukalala juu ya majani, ukafika kwenye kijia cha miguu kinachotoka shuleni, na hapo mwisho wake ulikuwa umekunjwa vizuri pembeni, kando ya ua wa shamba la mahindi. Waya ukianguka haujikunji wenyewe.

Mwalimu alisimamisha gari. Pale kijiani palikuwa na mama mmoja wa makamo, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua, miguu mitupu, amemshika ng'ombe kwa kamba. Alipoona nembo kwenye mlango wa gari letu, alikuja moja kwa moja upande wangu, na alikuwa na hasira kunishinda.

"Nyinyi watu wa stima! Leo mumetuzima mara tatu! Mara tatu, siku moja! Posho mill imesimama, watu wamepanga foleni na mahindi. Kwani huko munafanyanga kazi gani?"

Nikashuka. Nilimwuliza ni nani aliyeusogeza ule waya.

"Si ni mimi? Ulikuwa umelala hapa kwa njia, na watoto ndio hao wanakuja." Akanionyesha viganja vyake. "Nimeuvuta na hii mikono yangu, wasijikwae. Hata hiyo kazi ni yenu, na hamuwezi."

Nikaishika ile mikono. Ilikuwa na matope, na harufu ya kitunguu, na ilikuwa na joto. Nikaigeuza, nikitafuta alama ya kuungua, nisiione. Nyuma yangu nilisikia mwalimu akipenga kamasi. Nilizidi kuishika, nikiangalia vidole vyake vikitikisika ndani ya vyangu kwa kutaka kutoka.

"Haki huyu msichana," akasema, akijivuta. "Si uniachilie, bana. Ng'ombe inaingia kwa mahindi ya watu."